Mifuko ya Pikipiki na Mtamba wa Bungu

Jumamosi, 12 Julai

Inatangazwa rasmi, kwa yeyote atakayeisoma shajara hii nikiwa hai au marehemu: leo pikipiki yangu imefungwa vyuma vya kinga. Viwili. Vyeusi. Kimoja kila upande wa injini, mbele ya miguu, ili pikipiki ikilala isinilalie. Mji wa Handeni umeipokea habari hii kwa utulivu mkubwa. Jirani alipita, akaendelea na safari yake. Mbuzi wake alisimama akatazama, kisha naye akaendelea na shughuli zake.

Lakini vyuma ni mwanzo tu. Shabaha ni mifuko. Juzi kituo cha mafuta nilimwona msafiri mmoja, sijui wa wapi, amefunga mifuko miwili kwenye vyuma kama hivi, kulia mmoja, kushoto mmoja, na yeye katikati ameketi kama balozi. Mhudumu alimwita mkubwa. Mimi huniita "wewe wa nyekundu".

Sasa sababu. Mama mkwe wangu, Bi Grasiana wa Bungu, kule milimani Korogwe, ametolewa mtoto wa jicho, macho yote mawili, na inasemekana sasa anaona hadi sisimizi. Jumamosi ijayo anafanya shukrani nyumbani kwake. Watoto na wakwe wote tumeitwa. Na siku hiyohiyo atamtoa mtamba wake. Kukatia majani ng'ombe wawili kumemshinda. Mama mtu atabaki naye, mtamba atakwenda kwa binti mmojawapo.

Mabinti ni wawili. Mke wangu Getruda, na mdogo wake Angel, aliyeolewa na Dunstan wa Segera. Kwa kuwa tumeoa mtu na mdogo wake, mimi na Dunstan ni wanyumba. Kamusi inasema huo ni undugu. Kamusi haijamwona Dunstan. Ana kirikuu, ile gari ndogo ya mizigo, na anaiosha kila Ijumaa.

Getruda hajasema anamtaka mtamba. Si mtu wa kuomba. Lakini akiwa msichana alimchunga bibi wa mtamba huyu, na jina lake analikumbuka: Nyota, kwa sababu ya doa jeupe kwenye paji. Na kila asubuhi akikoroga maziwa ya unga kwenye chai, anakitazama kikombe kwa muda mrefu kuliko kikombe kinavyostahili. Miaka yote hii sijawahi kumletea kitu kikamfanya akose la kusema. Mtamba huyu ni wake. Nimeapa.

Mpango: kufika Bungu kwa pikipiki, peke yangu, na mzigo wa heshima, nadhifu, kama balozi. Kwa kirikuu nani atashindwa!

Jumatatu, 14 Julai

Nimekwenda kwa Sadala, muuza vipuri wa sokoni. Ana aina mbili za mifuko. Midogo ni migumu, haipitishi maji, inakaa kwenye chuma kama kiatu kwenye mguu. Mikubwa ni ya turubai. Ina vifuko ndani ya mifuko, mikanda mirefu ya kuning'inia, na mistari inayong'aa ikipigwa na taa. Midogo ilionekana imeridhika na maisha. Mikubwa ilionekana ina mipango.

Sadala aliuliza nitabeba nini. Nikamjibu, heshima. Akauliza heshima yenyewe ina ujazo wa lita ngapi. Mtani sana huyu bwana. Akasema midogo ni ya spana, koti la mvua na tyubu ya akiba, vitu ambavyo hata vikipata joto na kugongwa havilalamiki. Mikubwa ililetwa kwa ajili ya mapikipiki mapana. Akashauri nilete yangu tuijaribishie papo hapo. Nikamwambia pikipiki yangu naijua kuliko mke wangu anavyonijua mimi.

Nimechukua mikubwa. Sadala hakubisha tena. Muuzaji asiyebisha ni mtu wa kuogopwa, ila hilo lilinijia nilipokuwa nimeshafika nyumbani.

Jioni Dunstan kapiga simu. Getruda kamwambia Angel, Angel kamwambia yeye. Kabla ya kirikuu aliendesha pikipiki miaka mingi, na hataki mtu asahau. Mwanyumba, anasema, chukua midogo. Hakikisha haigusi bomba la moshi. Hakikisha mguu unafika kwenye gia na kwenye breki, na unatoka upesi ukitaka kukanyaga chini. Uzito uwe sawa pande zote mbili. Mikanda iliyobaki ikunjwe na kufungwa. Kitu cha majimaji kisikae pale, kikae kwenye keria nyuma, maana pale mbele ndipo pikipiki inapoangukia.

Nilimsikiliza kwa uvumilivu. Kila neno lilinuka wivu. Nimeuandika ushauri wote pembeni ili nisije nikaufuata kwa bahati mbaya.

Jumanne, 15 Julai

Mifuko imefungwa! Muonekano: wa kutisha. Pikipiki imeota mashavu.

Kasoro ni ndogondogo. Mfuko wa kushoto umekaa juu ya gia, kidole cha mguu hakipiti. Nimegundua kwamba nikitumia kisigino na kuinua goti hadi karibu na kifua, gia inaingia, ingawa si lazima iwe ile niliyoikusudia. Mfuko wa kulia unabusiana na bomba la moshi. Nimechomeka kipande cha bati katikati. Bati sasa linapiga kelele. Faida: watu wanasikia nakuja. Na mifuko yote miwili imeuziba upepo uliokuwa ukiipoza injini. Dunstan angesema injini ya namna hii haina kingine cha kuipoza. Ndiyo maana sijamwambia.

Getruda alikuja kutazama, ndoo mkononi. Akaizunguka pikipiki mara moja. Akauliza miguu yangu itakaa wapi. Nikasema hapo katikati. Akauliza nikitaka kusimama, mguu utatokea wapi. Nikamwambia mtu haendi ukweni kusimamasimama. Akaitikia, "Sawa, Baba Isaka," kwa ile sauti anayowajibu wauza dawa ya mende.

Alhamisi, 17 Julai

Getruda kaondoka asubuhi kwa basi, na kuku watatu na mchele, akasaidie mapishi. Nilimpakia mizigo mwenyewe. Dirishani akaniomba kitu kimoja tu, nipite njia ya moja kwa moja ya Korogwe na nisikimbie. Nikamwambia asiwe na shaka. Kwa kweli kukimbia siwezi, nimebakiwa na gia mbili.

Mchana nimefanya safari ya majaribio mtaani. Ilikwenda vizuri hadi nyumbani kwa Bi Mwaija. Bi Mwaija ni jirani wa nyuma, mama mtu mzima, mkali, mwanachama wa kila kikundi. Nilipita karibu na kamba yake ya nguo ili aione mifuko. Mkanda mmojawapo, ile mirefu ya kuning'inia, ukanasa. Sikuhisi kitu. Nilipofika sokoni niliona watu wananipungia, nami nikawapungia. Msikitini wazee walisimama. Nikajiambia, Yordani, mambo ndiyo haya.

Nilikuwa nakokota kanga mbili na shuka.

Nilipomrudishia, Bi Mwaija alizipokea akazikung'uta vumbi. Nilimwamkia shikamoo mara mbili. Marahaba ilikuja moja, na ilichelewa. Akasema kwamba mume wake, Mungu amrehemu, alikuwa na punda aliyebeba magunia miaka mingi na hakuwahi kuondoka na nguo ya mtu. Nikakubali kwamba punda alikuwa bora. Mikanda nimeifunga fundo. Ushauri wa Dunstan? Hapana. Huu ni ushauri wa Bi Mwaija.

Ijumaa, 18 Julai

Kufunga mzigo. Asali ya Handeni, madumu mawili ya lita tano, ile nyeusi ya porini, aliyoiagiza mama mkwe mwenyewe. Na kigoda cha mninga nilichomchongeshea, akae nacho jikoni. Na shati langu jeupe, na viatu vya sherehe.

Nimetafakari mpangilio kisayansi. Mguu wa kushoto ndio unaobadili gia, una kazi nyingi, haufai kubebeshwa. Kwa hiyo asali yote imekwenda kulia. Kushoto nimeweka shati na viatu. Kigoda kipo kwenye keria. Ukitazama kwa mbele, pikipiki imeinama kidogo kulia, kama mtu anayesikiliza jambo. Inapendeza.

Hapa lazima nieleze ukweni kwetu kunavyokwenda. Bi Grasiana anashika desturi za zamani. Mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe usoni, hali chakula mbele yake, hasemi naye ana kwa ana. Anakaa nje ya mlango, mama anakaa ndani, na kati yao anasimama mtu wa kupeleka maneno na kuyarudisha. Kumkatiza mama anapoambiwa jambo ni utovu wa adabu. Tangu nioe, mama mkwe wangu namjua kwa kanga na kikohozi. Mlango wake ndio nimezungumza nao sana. Ni mlango mzuri, wa mvule.

Mtu wa maneno siku zote ni Angel. Yaani mke wa mshindani wangu! Lakini sina hofu. Mzigo utajisemea.

Njia: nitapita Segera. Ni kuzunguka, najua. Sababu ni za kitaalamu.

Jumapili, 20 Julai

Jana sikuandika. Vidole vilikuwa vinanata.

Niandike basi, nikiwa Bungu, nimekaa nje chini ya upenu, ukungu unapita kwenye migomba, na furaha moyoni. Karibu na Segera palitokea tukio. Nitalieleza hapa jinsi lilivyoelezwa mlangoni, kwa ajili ya kumbukumbu rasmi: nilimkwepa ndama.

Baada ya hapo safari ikaendelea vizuri kabisa, isipokuwa asali ilikuwa inatoka. Sikujua. Nilisikia harufu ya kashata na nikadhani kuna mahali wanapika. Nikapita pale, harufu ikaendelea. Nikapita shamba la mkonge, harufu. Nikaanza kusikia njaa. Nilipotazama chini, bomba la moshi lilikuwa linatoa povu la rangi ya chai, na dumu la pili lilikuwa limeegemea bati na kulainika kama mshumaa.

Kisha nyuki. Mmoja kwanza, wa kuchungulia. Halafu ndugu zake.

Kabla tu ya Korogwe mjini trafiki mmoja, mama mwenye sauti ya upole, alinyoosha mkono nisimame. Sasa, kusimama. Baada ya Segera nilikuwa nimejifunza kwamba mguu hautoki. Nilipunguza mwendo nikaanza kumzunguka. Nikamwambia nikiwa mzungukoni kwamba afande nakuheshimu sana, ila nikisimama naanguka. Akawa anageuka nami, mkono bado uko juu, akiniuliza hiyo mifuko nani kanishauri. Nikamwambia nimejishauri mwenyewe. Alianza kunieleza kwamba nitafute mahali nishushe mzigo. Hapo nyuki walifika. Aliuangalia msafara wangu wote, akarudi nyuma hatua kadhaa, na kwa mkono uleule akaniruhusu niende. Nikamshukuru. Alikuwa ameshajifunika kofia usoni.

Mlima wa Bungu uliipika injini. Mara kwa mara niliegemea ukingo wa barabara ili ipoe, nyuki nao wakipumzika. Baridi ilipoanza wakarudi kwao mmoja mmoja. Walikuwa na adabu kuliko nilivyotarajia.

Nilifika watu wameshajaa uani. Dunstan na Angel wako pale tangu juzi, kirikuu inang'aa, mchele na soda zimeshushwa, kila kitu kimefika salama kwa namna ya kuchosha. Nilitafuta pa kusimamia. Nikachagua banda la ng'ombe, nikaliegemea. Hivyo ndivyo nilivyoonana na mtamba kwa mara ya kwanza. Mweusi, doa jeupe kwenye paji. Alinitazama. Akanusa mfuko. Akatoa ulimi, akaanza kulamba.

Mlangoni sasa. Mama ndani, mlango nusu wazi. Mimi kwenye benchi, kichwa chini. Angel kizingitini. Salamu zikapita zote: za safari, za nyumbani, za macho mapya. Kisha Angel akaingia, akatoka. Akasema Mama anauliza mkwe kapatwa na nini, mbona suruali inang'aa.

Nikasema amwambie Mama niliyumba kidogo njiani, nikikwepa kitu.

Akaingia. Akatoka. "Mama anauliza, kitu gani, shemeji?"

Jicho langu likaenda lenyewe kwa mtamba, ambaye alikuwa amefika kwenye zipu.

"Ndama," nikasema.

Angel hakutikisika hata unyusi. Akaingia kumweleza mama yake, na mimi nikasikia kila neno. Ndama alikuwa mchanga sana. Alikuwa amelala katikati ya lami. Lori lilikuwa linakuja upande wa pili. Shemeji akachagua kuanguka mwenyewe. Nilitaka kusahihisha, hasa lile lori. Lakini mama mkwe hakatizwi. Nikanyamaza kwa heshima.

Ndani kikasikika kikohozi, kirefu, cha mtu aliyejiziba mdomo kwa kanga. Nikajua ni machozi. Mama huyu anawapenda ng'ombe.

Swali la mwisho likaja: ndama huyo alikuwa wa rangi gani? Nikasema mweusi, ana doa jeupe. Kikohozi kikarudi kwa nguvu. Angel aliomba ruhusa akaenda nyuma ya nyumba, na huko nilimsikia naye akikohoa. Baridi ya Bungu si mchezo.

Asali iliyobaki ilichotwa kutoka ndani ya mfuko kwa upawa. Ilitosha chai ya wageni wote. Ilikuwa na ladha ya mbali ya moshi, na mzee mmoja aliomba kujua inapatikana Handeni sehemu gani.

Baada ya sala na chakula, Mama alisimama mlangoni, kanga kichwani, ameshika kigoda changu mkononi. Akasema akiitazama migomba, kama desturi inavyotaka, kwamba mtamba anakwenda kwa Getruda.

Nilimtafuta mke wangu kwa macho. Alikuwa tayari ameishika kamba. Alimwekea mtamba kiganja kwenye lile doa la paji, akakiacha pale, na mchana wote hakusema kitu. Nimeshinda!

Angel ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza. Dunstan alikuja akanikumbatia kwa nguvu, pamoja na asali yote iliyokuwa kifuani mwangu, akaniambia hongera, hongera sana mwanyumba, na macho yake yalikuwa na unyevu. Nikawaonea huruma. Kuna watu wanajua kuficha uchungu.

Jumanne, 22 Julai

Mtamba yuko nyumbani Handeni. Jana Dunstan mwenyewe alimleta kwa kirikuu, amemtandikia majani, kamfunga vizuri, kaendesha polepole njia nzima. Shukrani alikataa. Chai alikataa. Alitaka tu kuhakikisha kamba imefungwa imara kwenye mti, akaivuta mara kadhaa, akaondoka akipiga mluzi. Getruda anasema pale Segera hawana hata pa kuotesha majani, na Angel tangu Pasaka alikuwa anaomba usiku na mchana asije akapewa ng'ombe yeye. Sikuliamini hilo. Ila Getruda ameendelea kuzungumza, na kwa kuwa leo amerudiwa na sauti, ameyasema yote.

Alikuwa anakoroga chai. Akaniambia, "Baba Isaka, pale Segera pana machungwa na malori. Ndama alitoka wapi?"

Nikaanza kueleza. Akatoa simu. Akanionyesha.

Basi, ukweli ni huu.

Nilipita Segera ili kupita mbele ya kibanda cha machungwa cha Dunstan. Nilijua yeye hayupo, lakini majirani zake wa biashara wapo, na wangemwambia. Nilipunguza mwendo kwa fahari. Akina mama wa machungwa wakainua vichwa. Mambo yalikuwa yanakwenda sawasawa na mpango, kwa hiyo nikaongeza kitu ambacho hakikuwa kwenye mpango: nikasimama, ili wanitazame vizuri. Nikatoa mguu wa kulia kukanyaga chini. Mguu ukakuta mfuko. Nikauzungusha kwa juu, ukakuta mfuko. Na upande huohuo asali yote, madumu mawili, ilikuwa imeshaamua.

Sikuanguka kwa kishindo. Pikipiki ililala taratibu, kama mtu mzima anayeketi kwenye mkeka. Nilipata muda wa kufikiri. Nilipata hata muda wa kumsalimia mama mmoja, na yeye akaitikia, kabla sijafika chini. Hapakuwa na lori. Hapakuwa na ndama. Hapakuwa na kitu chochote barabarani isipokuwa mimi, kwenye lami tambarare, mchana kweupe, nikiwa nimesimama.

Vyuma vilifanya kazi yake. Sikuchubuka, injini haikuguswa. Dumu ndilo lililopasuka, maana mtu alikuwa ameliweka palepale panapogongwa. Akina mama waliniinua, wakainua pikipiki, wakanikung'uta. Nikanunua machungwa mengi ili wanyamaze. Walinyamaza. Simu zao hazikunyamaza. Mmoja alikuwa amerekodi tangu nilipotokea kwenye kona, kwa sababu ya kelele za bati.

Video ilifika Bungu kabla yangu. Angel aliipokea, akamwonyesha Dunstan, Dunstan akamwonyesha Getruda, na Getruda, mke wangu wa ndoa, akampelekea mama yake ndani. Mama hajawahi kuona video vizuri maishani mwake, kwa ajili ya macho. Hii ndiyo ya kwanza. Aliomba irudiwe. Pale kwenye salamu aliomba irudiwe tena. Nilipokuwa nimekaa kwenye benchi nikisema ndama, alikuwa ameshaniona nikilala chini mara nyingi kuliko nilivyolala.

Nikamuuliza Getruda, kwa nini basi Mama alitupatia mtamba. Akasema mtamba alikuwa wake tangu Pasaka. Mama alimwambia mwenyewe, na akamwambia kwamba sharti ni moja, aende kumchukua. Getruda alikuwa anangoja siku ya shukrani ndipo aniambie, kisha akaniona na mifuko yangu, nafunga, nafungua, napima, na hajawahi kuniona nina hamu ya kwenda ukweni namna hiyo. Hakutaka kuniharibia.

Na Mama, alipomaliza kukohoa, alisema neno. Getruda amelinukuu kama lilivyo. "Mwanaume kalala barabarani Segera na asali yangu, halafu kanitungia na ndama. Ningekuwa na ng'ombe wawili ningempa wote."

Getruda akacheka hadi akaweka kikombe chini. Nikacheka na mimi. Nje mtamba naye akalia, tukatoka wote kumtazama. Bi Mwaija alikuwa ameshafika kumwona, akasema ni mzuri, kisha akahamisha kamba yake ya nguo.

Huo ndio ukweli mtupu. Nimeutafakari alasiri nzima, kwa uaminifu, bila kujipendelea, na nimeona kosa lilikuwa wapi. Mifuko ilikuwa midogo. Ingekuwa mikubwa zaidi ingefika karibu na ardhi pande zote mbili, na pikipiki isingekuwa na nafasi ya kulala. Sadala anasema anaweza kunishonea. Mtamba anakula mzigo mzima wa majani kwa siku, na majani makavu ni mepesi, yatajaa vizuri pale mbele, kulia na kushoto ya injini.

Dunstan kapiga simu sasa hivi kuniambia majani makavu yasikae karibu na bomba la moshi.

Wivu. Nimeuandika pembeni.